MTOTO ATOKAYE NG'AMBO

Somo kwa wazazi, wazee wa kanisa na walimu



Katika somo hili twataka kufikiri habari za mtoto aliyevuka bahari, akaja kukaa katika nyumba ya watu asiowajua, nao wamekubali kuwa baba na mama kwake. Jambo hili latokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Wako ndugu zetu waliokwenda kufanya kazi Ulaya, Marekani na Uarabuni, wakafariki huko na kuacha watoto. Na jamaa zao huku hawana budi kuwapokea. Tena wako watu wanaomchukua mtoto asiye wa ukoo wao kabisa, wakaenda mahakamani na kupewa haki ya kuwa wazazi wake. Katika sheria zetu tendo hili huitwa kuasili mtoto. Neno hili lafaa kukumbukwa, maana ndani yake limo neno asili.

Ili somo liwe wazi, tuchukue mfano mmoja. Ni mfano wa kufikiri tu, si habari ya watu fulani. Tuseme mtu na mkewe wametoka Bara, nao wanakaa Bwejuu, kijiji kilichoko pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Michamvi. Mume anafanya kazi hotelini, na mke analima mwani pamoja na wanawake wa kijiji. Wana watoto wawili. Ndugu yake mume alikuwa akikaa Uingereza. Yeye na mkewe wamefariki, na binti yao wa miaka sita analetwa Bwejuu. Lugha yake ni Kiingereza, na Kiswahili anajua maneno machache tu. Je, wafanye nini watu hawa, ili binti huyu awe mtoto wa nyumbani kweli kweli?

Wengi watajibu upesi: Wampende. Jibu hili ni jema, lakini halitoshi, kwa kuwa upendo usio na maarifa waweza kumwumiza yule apendwaye. Wengine watasema: Wamsahaulishe mambo ya nyuma, apewe jina jipya, asisikie tena habari za kwao, naye kwa sababu ni mdogo atazoea. Shauri hili husemwa na watu wema, tena kwa huruma. Walakini ni shauri baya, na somo letu lote lataka kuonyesha ubaya wake. Wazee wetu walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Mtoto hawi wetu kwa kunyang'anywa alivyokuja navyo.

1. Watoto walioletwa na bahari

Tangu zamani kisiwa cha Unguja kimepokea watoto waliokuja kwa bahari, na wengi hawakuja kwa hiari yao. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dr. Steere wa misheni ya UMCA walifika Unguja. Seyyid Majid, aliyekuwa Sultani, akawapa watoto wanaume watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule ya misheni ile. Baada yao walikuja wengine wengi, hasa wale waliookolewa na manowari za Waingereza, maana hata baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, majahazi yaliendelea kuwavusha watu kwa siri. Wavulana walilelewa Kiungani, na wasichana Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray alianza kufundisha mwaka 1877. Huko Bara nako, katika milima ya Usambara, nyumba ya Lutindi ilianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani. Baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi hiyo yaendelea hata leo katika Kanisa letu.

Katika habari za watoto wale liko jambo moja ambalo kila mlezi yampasa kulitazama. Wengi wao walikuwa wameambiwa na wafanya biashara kwamba Wazungu hula watu. Basi walipochukuliwa kutoka jahazini na kupandishwa manowarini, wakubwa walifurahi kwa kuwa watoto wameokolewa, lakini watoto wenyewe walitetemeka. Wakubwa waliona mlango wa uhuru umefunguliwa. Watoto waliona wamebadilishwa mikono tu, labda kwa mikono iliyo mibaya zaidi. Wakipewa chakula kizuri, waliweza kudhani kwamba wananoneshwa.

Binti yetu wa Bwejuu hakuja kwa jahazi wala kwa pingu. Alikuja kwa ndege, amevaa nguo safi, ameshikwa mkono na mtu mwema. Walakini tutazame kwa macho yake. Mama hayupo, baba hayupo. Chumba chake, shule yake, rafiki zake, baridi aliyoizoea, harufu ya jikoni kwao, vyote vimetoweka siku moja. Watu wanaomzunguka wanacheka na kusema maneno asiyoyajua. Sisi twasema, Amepata nyumba. Yeye asema moyoni, Nimepotezwa. Mlezi asiyejua tofauti hii atakasirika upesi, akisema mtoto hana shukrani. Lakini shukrani haidaiwi kwa mtu ambaye bado ana hofu. Kwanza hofu ipungue.

2. Siku za kwanza

Desturi yetu ni kwamba mgeni akifika, mtaa mzima huja kumwona. Ni desturi njema, nasi hatutaki kuivunja. Lakini kwa mtoto wa namna hii yafaa kuichelewesha. Waambieni majirani kwa upole: Mtoto amechoka, mtamwona baada ya siku chache. Karamu na ifanywe baadaye, atakapokuwa amejua nyumba ina vyumba vingapi na choo kiko wapi.

Tena, katika majuma ya kwanza mtu mmoja na awe wake. Yaani mtu yule yule amwogeshe, ampe chakula, amlaze, na awe karibu anaposhtuka usiku. Katika nyumba zetu mtoto hulelewa na wengi: nyanya, shangazi, dada, jirani, na kwa mtoto aliyezaliwa humo hilo ni baraka kubwa. Lakini aliyepoteza watu wake wote hana budi kumpata mmoja kwanza, ndipo aweze kuwapokea wengine. Akimpata mmoja wa kumtegemea, kwa huyo atavuka kwenda kwa baba, kwa ndugu, hata kwa mtaa.

Yako mambo manne yanayowashangaza walezi, nayo hutokea mara nyingi kwa watoto waliohamishwa. La kwanza ni chakula. Atakataa ugali na samaki, au atakula kupita kiasi, au ataficha mkate chini ya mto. Asiitwe mwizi. Mwekeeni ndizi au andazi mahali anapopafikia, mwambieni ni lake. Akijua kwamba kesho nayo ina chakula, ataacha kuficha. La pili ni kukojoa kitandani, hata kama alikwisha kuacha zamani. Asipigwe, wala jambo hili lisisimuliwe kisimani au dukani. La tatu ni kwamba atamshika kila mtu mkono na kumfuata, hata asiyemjua. Watu husema, Mtoto huyu ni mchangamfu, amezoea mara moja. Sivyo. Ni mtoto ambaye bado hajui wake ni nani. La nne ni utulivu mno: halii, haombi kitu, hufanya yote anayoambiwa. Huyo nasi twamsifu, walakini yatupasa kumwangalia zaidi kuliko mwenye makelele, maana huenda amefunga machozi yake kwa kuogopa kufukuzwa.

Mwili wake nao usisahauliwe. Apelekwe zahanati mapema pamoja na cheti chake cha chanjo. Mtoto aliyekulia Ulaya mwili wake haujazoea kupigana na malaria. Kwa hiyo alale ndani ya chandarua, hasa akisafirishwa kwenda Bara, na akipata homa apelekwe kupimwa siku ile ile. Na bahari ya Bwejuu yataka mafundisho yake. Watoto wa kijiji wanajua kwamba maji yakipwa huenda mbali kuelekea mwambani, na yakijaa hurudi upesi. Wanajua pia mahali penye miiba na mawe makali, na mahali palipo na vijiti na kamba za mwani. Mgeni hajui. Asiachwe kwenda pwani bila mkubwa mpaka amefundishwa saa za maji.

Je, yote haya yatachukua muda gani? Msihesabu kwa majuma. Kwa watoto wengine ni miezi, kwa wengine ni miaka. Tena mara nyingi mtoto huonekana ametulia, kisha huanza kulia na kugombana. Wazazi hudhani kazi yao imeharibika. Kumbe huenda ndipo ameanza kuwaamini, hata akathubutu kuwaonyesha uchungu wake.

3. Jina lake

Sasa twafika penye shauri gumu. Watu wengi wakimchukua mtoto hutaka kumpa jina jipya, iwe alama kwamba amezaliwa upya katika nyumba yao. Misheni za zamani nazo zilifanya hivyo wakati wa ubatizo. Walakini angalieni majina ya watoto wale wa Unguja kama yalivyoandikwa. Mmoja wa wale watano wa mwaka 1864 aliitwa John Swedi. Ndiye aliyekuwa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyefika Unguja katika utumwa akiwa mtoto, akalelewa na misheni hiyo, aliitwa Cecil Majaliwa. Yeye akawa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupata daraja hiyo. Jina la ng'ambo na jina la huku yalikaa pamoja katika mtu mmoja, wala moja halikumfukuza mwenzake.

Katika Maandiko nako twaona hivyo. Esta, aliyelelewa na Mordekai baada ya kufiwa na baba na mama, alikuwa na jina lingine, Hadassa. Danieli alipewa jina la Kibabeli katika nyumba ya mfalme, lakini kitabu chake twakijua kwa jina lile alilopewa kwao. Musa aliitwa na binti Farao, akawa mwana wake. Tena ni mama yake mzazi aliyemnyonyesha, wala hakusahau alikotoka.

Basi shauri letu ni hili. Jina alilokuja nalo mtoto lisifutwe. Pengine ni kitu cha pekee alichopewa na mama yake ambacho hakikuhitaji sanduku. Mkitaka kumwongezea jina la ukoo wenu au jina la nyanya, mwongezeeni kama zawadi, naye akubali. Jirani wakishindwa kulitamka jina lake, wafundishwe polepole. Ulimi wa Bwejuu waweza kujifunza.

Na habari ya kuwaita wazazi: msimlazimishe kusema mama siku ya kwanza. Hapa lugha yetu ina hazina ambayo lugha nyingine hazina. Sisi tuna mama mkubwa na mama mdogo, baba mkubwa na baba mdogo. Kwetu si ajabu mtoto kuwa na mama wawili, wala hakuna uongo ndani yake. Binti yetu na aanze kumwita mke wa ndugu ya babaye mama mdogo. Mama yake aliyefariki abaki mahali pake. Siku moja huenda neno mdogo litaanguka lenyewe, bila mtu kuliondoa. Na lisipoanguka, si kitu.

4. Lugha

Katika karne ya 19 watoto wengi wa Kiafrika waliookolewa baharini walipelekwa Bara Hindi, wakalelewa na misheni ya CMS karibu na mji wa Nasik. Walifundishwa vizuri kusoma na kufanya kazi za mikono. Baadaye wengi wao walirudishwa pwani yetu, na mwaka 1875 mji wa Frere Town ulianzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Watu wa Nasik walikuwa msaada mkubwa huko. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekwa kuwa mashemasi mwaka 1885. Walakini mwanzoni shida yao ilikuwa hii, kwamba walirudi Afrika wakisema Kiingereza na Kihindi, na watu wa huku waliwaona kuwa wageni. Walikuwa wageni walipofika Bara Hindi. Wakawa wageni mara ya pili walipofika kwao.

Tujifunze. Binti yetu lazima ajifunze Kiswahili, maana bila hicho hatacheza, hatasoma wala hatacheka pamoja na wenzake. Atakijua upesi, watoto hufundishwa na watoto wenzao kuliko na vitabu. Lakini Kiingereza chake kisiachwe kufa, kwa sababu ndiyo lugha ambayo mama yake alisema naye usiku. Wazazi wasiojua Kiingereza na wajifunze maneno machache kabla hajafika: una njaa, unaumwa, usiogope, niko hapa, njoo, lala. Maneno sita au kumi yatosha kwa siku ya kwanza. Mtoto akisikia kwamba mkubwa naye anakosea matamshi na hana aibu, atathubutu kukosea Kiswahili. Na akiulizwa, Kitu hiki kwenu chaitwaje? siku hiyo yeye ndiye mwalimu, na heshima hiyo itamjenga zaidi kuliko zawadi.

5. Habari za nyuma na machozi

Wako wanaosema kwamba mtoto asiulizwe habari za wazazi wake, ili asilie. Lakini kumnyamazisha mtoto si kumfariji. Mwaka 1887 Bwana A. C. Madan wa UMCA alitoa kitabu kilichoitwa Kiungani, ambacho ndani yake wavulana wa shule ile wamesimulia wenyewe habari za kwao na jinsi walivyokamatwa. Waalimu wale walifahamu kwamba mvulana mwenye kitabu cha kusoma anayo pia habari yake mwenyewe ya kuandika. Na mwaka 1934 James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa watu waliookolewa na kuletwa Frere Town, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa. Mtoto wa mtu aliyeokolewa ndiye aliyeandika, kwa kuwa habari ile ilisimuliwa nyumbani, wala haikufukiwa.

Basi katika nyumba ya Bwejuu picha za wazazi waliofariki ziwekwe mahali panapoonekana. Siku ya kufa kwao ikumbukwe, na siku ya kuzaliwa kwake vilevile. Akitaka kusimulia, asikilizwe mpaka mwisho, hata kama ni usiku na kazi ni nyingi. Asipotaka, asilazimishwe, wala wageni wasimhoji mbele ya watu kama shahidi mahakamani. Akiuliza, Mama yangu alikufa kwa nini? aambiwe kweli kwa kadiri ya umri wake. Uongo wa huruma huishi siku chache. Kisha mtoto huusikia ukweli kwa mwingine, na tangu siku ile hawaamini tena wale waliomficha. Hata mtoto asiyejua kabisa wazazi wake yapasa aambiwe tangu udogoni kwamba amechukuliwa na kupendwa, asije akasikia kwa watoto wenzake wakigombana uwanjani.

6. Ni mtoto, si mtumishi

Mithali yasema, Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Kwa mtoto wetu twaisifu mithali hii. Akibaki mgeni siku zote, akihudumiwa na kusamehewa kila kosa, hatakuwa wa nyumbani kamwe. Ampelekee kuku maji, afagie, aanike nguo, asaidie kukuna nazi. Kazi ndogo humwambia, Nyumba hii ni yako, nayo yakuhitaji. Walakini jembe lake lisiwe kubwa kuliko majembe ya watoto wengine.

Ndugu, hapa tuseme wazi. Katika nchi yetu wako watoto wengi waliochukuliwa kwa jina la kulelewa, lakini kwa kweli ni watumishi wasiolipwa. Huitwa mtoto wa ndugu yetu mbele za wageni, na wageni wakiondoka, wao ndio wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Hata nyumba ya mtu wa kanisa haikosi hatari hii. Basi kila mzazi na ajipime kwa mambo manne: sahani, kitanda, shule na fimbo. Je, sahani yake ni sawa na ya wenzake? Je, kitanda chake ni sawa? Je, akifika wakati wa kununua sare na daftari, yeye naye yumo? Je, kosa lile lile lina adhabu ile ile kwa wote? Mtu akijibu ndiyo mara nne, amelea mtoto. Akijibu hapana hata mara moja, na atengeneze kabla ya kusema neno lolote juu ya upendo.

Watoto waliozaliwa nyumbani nao wasisahauliwe. Mtoto mpya huchukua nafasi ya mama, huchukua macho ya wageni, na wao huona wivu. Wivu huu si dhambi kubwa wala hauponyi kwa kuchapwa. Waambiwe mapema kwamba ndugu anakuja, wapewe kazi ya kumwonyesha kisima na njia ya shule, na kila mmoja apate saa yake na mama. Na maneno kama mtoto wa kuokota, au mtoto wa watu, yasitamkwe nyumbani hata kwa mzaha, maana huyo atayakumbuka uzeeni.

7. Majirani na sheria

Watu wa Bwejuu karibu wote ni Waislamu. Familia yetu ni wageni kati yao, na watalea mtoto huyu machoni pao. Yafaa wajue wanavyofikiri majirani. Katika dini ya Kiislamu kumtunza yatima ni tendo lenye thawabu kubwa; lakini mtoto anayelelewa hubaki na nasaba ya baba yake mzazi, wala haihesabiwi kuwa amezaliwa na mlezi. Malezi hayo huitwa kafala. Sheria zetu za kuasili ni tofauti, kwa kuwa amri ya mahakama humfanya mtoto kuwa mtoto wa walezi kwa haki zote. Lakini katika jambo la kutolificha jina la baba, majirani wana neno la kutufundisha. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wataja njia zote mbili, kuasili na kafala. Tena waagiza kwamba jina la mtoto na uhusiano na jamaa zake vilindwe, na anapotafutiwa malezi, dini, mila na lugha alizokulia ziangaliwe.

Basi sheria isidharauliwe. Bara iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011. Undugu wa damu peke yake hautoshi mbele ya serikali. Mwende mapema kwa afisa wa ustawi wa jamii, mkiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya vifo vya wazazi, pasipoti yake, na karatasi zote zilizotolewa katika nchi alikotoka. Msingoje mpaka siku ya kuandikishwa shule au siku ya kugawana urithi. Mtoto asiye na karatasi ni rahisi kuonewa, hata na jamaa zake. Na nakala za karatasi hizo zitunzwe kwa ajili yake mwenyewe, akikua atazitaka.

8. Kushika kwa mkono wazi

Wako wazazi wenye hofu moja wasiyoisema: Tukimwachia jina lake, lugha yake na habari za kwao, je, siku moja hatatuacha? Mwaka 1861 wavulana wawili, Chuma na Wekotani, walikuwa miongoni mwa watumwa waliofunguliwa na Dr. Livingstone na Askofu Mackenzie karibu na mto Shire. Mwaka 1864 Livingstone aliwavusha bahari mpaka Bombay, wakatiwa shuleni huko, na mwaka 1866 wakarudi naye Afrika kwa njia ya Unguja. Walipofika karibu na ziwa Nyasa, Wekotani alikutana na watu wa jamaa yake, akataka kubaki. Livingstone akamwacha abaki. Chuma akaendelea na safari. Naye ni mmoja wa wale ambao, Livingstone alipofariki mwaka 1873, waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo.

Watoto wawili walifunguliwa siku zile zile, wakavushwa bahari ile ile, wakasoma shule moja. Mmoja alirudi kwa jamaa zake, mwingine alikaa. Hatuwezi kusema kwamba malezi ya mmoja yalikuwa bure. Kazi ya mlezi ni kumfanya mtoto awe mzima, aweze kusimama. Si kumfunga asiweze kuondoka. Binti wa Bwejuu akiwa na miaka ishirini anaweza kutaka kwenda Uingereza kuyaona makaburi ya wazazi wake. Wazazi wake wa Bwejuu wasihuzunike, bali wamsaidie nauli. Aliyepewa ruhusa ya kwenda hujua njia ya kurudi.

Mkulima akihamisha mche wa mkarafuu hautoi mchangani na kuukung'uta mizizi yake. Huuchukua pamoja na udongo wake, akauweka katika udongo mpya, akautia kivuli na maji, akangoja. Baada ya muda mizizi yenyewe hutoka katika udongo wa kwanza na kuingia katika wa pili. Mtu hawezi kuivuta.

Nasi Wakristo tuna sababu ya kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Mtume Paulo, katika sura ya nane ya Waraka kwa Warumi, afundisha kwamba sisi wenyewe tumefanywa wana; na afundisha pia kwamba alama ya mwana ni kuondolewa roho ya hofu. Basi katika nyumba ambayo mtoto aliyechukuliwa bado anaogopa, kazi haijaisha. Na ambayo ameacha kuogopa, hata kama bado anaita mama mdogo, huyo amekwisha kuwa mwana.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini watoto waliookolewa kutoka majahazini waliwaogopa waliowaokoa? Mtoto wa siku hizi anaweza kuogopa nini?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumwongezea mtoto jina na kumfutia jina?

3. Je, katika usharika wetu wako watoto wanaoitwa wa ndugu, nao wanafanya kazi kama watumishi? Wazee wa kanisa wafanye nini?

4. Familia ikimpokea mtoto atokaye ng'ambo, usharika waweza kuisaidia kwa njia gani katika miezi mitatu ya kwanza, bila kumchosha mtoto?

5. Jirani Mwislamu akikuuliza kwa nini umemwachia mtoto jina la baba yake, utamjibuje?